Kutazama maktaba yako ya video kwenye kila televisheni ya nyumbani, bila kuzungusha flashi

Filamu ziko kwenye diski ya nje, video za familia ziko kwenye laptopu, muziki umebaki kwenye kompyuta ya zamani, na kila anayetaka kutazama kitu lazima aulize flashi iko chumba gani. Hapa tunaweka vyote mahali pamoja, kisha televisheni yoyote iliyoungwa kwenye ruta ya nyumbani ijichagulie. Wakati wa kutazama hutumii intaneti hata kidogo: faili inatoka kwenye kompyuta yako, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye televisheni. Kifurushi cha data hakiguswi.

Kuna jambo moja ambalo watu huligundua mwishoni, baada ya kununua vifaa visivyohitajika. Kazi ya seva, yaani kompyuta inayokaa na video zote na kuzituma kwenye televisheni, inaweza kuwa nyepesi mno au nzito mno, na kinachoamua ni kama televisheni yako inaweza kucheza faili jinsi ilivyo. Ikiweza, seva inasoma diski na kutuma, basi. Kompyuta kuukuu inahudumia televisheni tatu kwa mpigo na feni yake husikii. Isipoweza, seva inalazimika kuigeuza video papo hapo, sekunde kwa sekunde, huku wewe unatazama. Hapo ndipo feni inapoanza kuunguruma, picha inakwama na kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya skrini. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinalenga kuiepusha seva na kazi hiyo ya kugeuza.

Hatua ya 1: Kompyuta itakayokuwa seva

Usikimbilie dukani. Laptopu yenye kioo kilichopasuka inafaa kabisa, kwa sababu seva haihitaji skrini ukishaisanidi. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka 2019, nayo inafaa, maana ina bandari ya mtandao ya gigabiti moja na USB 3.0, ila itume tu. Usiitegemee kugeuza video. Kama una hakika kugeuza hakutaepukika, labda kwa sababu faili ni nyingi na televisheni ni za zamani, tafuta kompyuta yenye chipu ya Intel yenye Quick Sync, yaani sehemu ya chipu iliyotengwa kwa kazi ya video. Ilianza kuwekwa 2011, lakini kwa video za HEVC (njia mpya zaidi ya kubana video) za biti 10 utahitaji chipu za kizazi cha 7 au cha baadaye.

Ukitumia laptopu, fanya mambo mawili mara moja. Kwanza, kwenye mipangilio ya umeme izuie isilale, hata kifuniko kikifungwa. Seva iliyolala haionekani na televisheni, na utapoteza jioni nzima ukilaumu ruta. Pili, betri inayokaa kwenye chaji usiku na mchana kwa miezi huweza kuvimba. Kama laptopu ina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, uwashe. Kama betri inatoka na laptopu inawaka bila betri, itoe.

Kuhusu diski, hesabu ni rahisi. Filamu ya saa 2 yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde inachukua GB 7.2, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba zaidi ya filamu 130 za aina hiyo. Angalia pia diski imefomatiwa vipi. FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga faili kwenye diski, haipokei faili inayofika GB 4, hata kama nusu ya diski iko wazi. Tumia NTFS kwenye Windows, ext4 kwenye Linux, au exFAT kama diski itahamahama kati ya kompyuta tofauti.

Hatua ya 2: Mtandao, na hapa usifanye haraka

Iunge seva kwenye ruta kwa waya. Kama kuna ushauri mmoja tu utakaoufuata, uwe huu. Seva ikiwa kwenye Wi-Fi na televisheni ikiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande cha filamu kinasafiri hewani mara mbili: kutoka seva hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi televisheni. Vyote viwili vinagombea hewa ile ile, na kasi unayoipata ni kama nusu ya ile uliyodhani unayo. Waya mmoja kutoka seva hadi ruta unaondoa safari moja kati ya hizo mbili.

Televisheni zinaweza kubaki kwenye Wi-Fi, lakini uchague masafa vizuri. GHz 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi ila ni ya polepole na imejaa vifaa vya majirani. Kama huna njia nyingine, tumia chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo hazipandiani. GHz 5 ina kasi kubwa zaidi lakini kuta nene huidhoofisha haraka. Chumba kilicho karibu na ruta kipe GHz 5 bila kufikiri mara mbili.

Hebu tuangalie namba, maana ndizo zinazoonyesha kama una tatizo kweli. Video ya DVD haizidi megabiti 10 kwa sekunde. Blu-ray ya kawaida hufika 40 kwa picha peke yake. Blu-ray ya 4K huweza kufika 128 kwa jumla. Sasa jambo linaloshangaza wengi: televisheni nyingi, hata kubwa zenye 4K, zina bandari ya waya ya megabiti 100 tu. Kwa hiyo nakala kamili ya diski ya 4K inaweza kukwama kwenye waya na kwenda vizuri kwenye Wi-Fi ya GHz 5. Kwa faili za kawaida za megabiti 5 hadi 20, waya huo unatosha na kubaki.

Kupima hali halisi, nenda na laptopu hadi pale televisheni ilipo, nakili faili kubwa kutoka kwenye seva, uangalie kasi. Kompyuta itakuonyesha megabaiti kwa sekunde. Zidisha mara 8 upate megabiti. Ukiona megabaiti 6, hizo ni megabiti 48, na filamu yako ya megabiti 8 haina sababu ya kukwama. Ikikwama, chanzo kiko kwingine.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee seva anwani ya IP isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.20. Ruta nyingi zinaweka mpangilio huu kwenye ukurasa wa DHCP, yaani sehemu inayogawia vifaa anwani: unachagua kifaa, unaandika anwani, unahifadhi. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa seva anwani mpya, na televisheni zitabaki zikiitafuta kwenye anwani ya zamani.

Hatua ya 3: Majina ya faili

Programu za seva husoma majina ya faili na folda ili zijue hii ni filamu gani, kisha huenda mtandaoni kuchukua picha ya jalada na maelezo. (Hapo ndipo intaneti inapohitajika, mara moja tu.) Ukiziachia jina kama `video_final_2(1).mkv`, zitakisia, na zinavyokisia utacheka. Panga hivi:

```
Filamu/
   Jina la Filamu (2015)/
      Jina la Filamu (2015).mkv
Tamthilia/
   Jina la Tamthilia (2019)/
      Season 01/
         Jina la Tamthilia S01E01.mkv
         Jina la Tamthilia S01E02.mkv
```

Mwaka usiuache, maana filamu zenye jina moja ni nyingi. Filamu na tamthilia zisichanganywe kwenye folda moja. Video za familia zipe folda yake kabisa na uiambie programu kwamba hizo ni video za nyumbani, la sivyo utakuta sherehe ya bibi imepewa jalada la filamu ya kivita.

Kama unahamisha filamu kutoka kwenye diski ulizonunua, ujue kwamba sheria za kuvunja ulinzi wa diski zinatofautiana nchi na nchi. Soma ya kwenu.

Hatua ya 4: Programu ya seva

Zinazojulikana zaidi ni Plex, Emby na Jellyfin. Plex inang'aa na ina programu karibu kwenye kila televisheni, lakini inakutaka uwe na akaunti kwao na baadhi ya huduma zake ni za kulipia. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, pale Emby ilipofunga msimbo wake na baadhi ya wachangiaji wakaamua kuendelea na toleo lililo wazi. Ni ya bure yote, hata ile sehemu ya kutumia chipu ya michoro kugeuza video, na haihitaji akaunti nje ya nyumba yako. Mimi naipendekeza hiyo, kwa hiyo hatua zinazofuata ni zake.

Pakua kisakinishi kwenye tovuti ya Jellyfin, sakinisha, kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo fungua kivinjari uandike `http://localhost:8096`. Utaulizwa lugha, jina la msimamizi na nywila. Weka nywila ya kweli hata kama ni ya nyumbani. Kisha ongeza maktaba: chagua aina, yaani filamu, tamthilia, muziki au video za nyumbani, halafu onyesha folda. Iache ichambue, maktaba kubwa huchukua muda.

Sasa jaribu kutoka kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile: `http://192.168.1.20:8096`. Ukurasa ukifunguka, kazi kubwa imekwisha. Usipofunguka kwenye Windows, mara nyingi ni ukuta wa moto: hakikisha mtandao wako umewekwa kuwa wa binafsi, si wa umma, na Jellyfin imeruhusiwa.

Kwenye Linux kuna mtego mmoja unaowakamata karibu wote. Maktaba inaongezwa bila kosa lolote, uchambuzi unaisha kwa sekunde mbili, na ndani hamna kitu. Sababu ni kwamba Jellyfin inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe aitwaye `jellyfin`, wakati diski ya nje uliyoichomeka imefunguliwa kwa ruhusa zako wewe tu. Thibitisha hivi:

```
sudo -u jellyfin ls /media/jina-lako/diski
```

Ukijibiwa kwamba ruhusa imekataliwa, dawa ni kuifanya diski ifunguke mahali pengine, kwa mfano `/srv/video`, kupitia faili ya `/etc/fstab` (orodha ya diski ambazo Linux huzifungua inapowaka), na kuipa folda ruhusa ya kusomwa na wote. Faida yake nyingine ni kwamba kompyuta ikiwashwa upya, diski inafunguka yenyewe bila mtu kuingia.

Hatua ya 5: Upande wa televisheni

Anza na duka la programu la televisheni yenyewe, tafuta Jellyfin. Ikiwepo, sakinisha, iandikie anwani ya seva, kisha ingia. Kuandika nywila kwa rimoti ni adhabu, kwa hiyo chagua Quick Connect: televisheni itaonyesha namba, nawe unaiandika kwenye Jellyfin iliyo wazi kwenye simu yako, na mlango unafunguka.

Programu isipokuwepo, au televisheni ikiwa ya zamani kiasi kwamba duka lake limeachwa bila kuhudumiwa, nunua kidude cha kuchomeka kwenye HDMI kinachotumia Android TV. Kwa maoni yangu hii ndiyo fedha pekee inayostahili kutumika katika kazi nzima. Chipu ya kidude kipya mara nyingi inacheza aina nyingi za video kuliko televisheni iliyokibeba, na hivyo seva inapumzika.

Njia ya tatu ni DLNA, lugha ya pamoja inayowezesha vifaa vya nyumbani kutumiana video na muziki. Kiwango hiki kilianzishwa 2003, na shirika lililokisimamia lilivunjwa 2017, lakini bado kimo ndani ya televisheni nyingi chini ya menyu ya vyanzo, pale palipo HDMI na USB. Hakina majalada mazuri, hakikumbuki vizuri ulipoishia, na wakati mwingine kinakataa faili bila kusema kwa nini. Kwa televisheni ya chumba cha wageni kinatosha. Kwenye Jellyfin, tangu toleo la 10.9, DLNA si sehemu ya programu kuu tena, kwa hiyo uisakinishe kama programu-jalizi.

Kivinjari kilicho ndani ya televisheni kiache kiwe njia ya mwisho kabisa.

Hatua ya 6: Angalia kama seva inageuza au inatuma tu

Cheza filamu kwenye televisheni, kisha kwa simu au kompyuta ingia Jellyfin kama msimamizi, fungua ukurasa wa usimamizi. Utaona filamu inayochezwa sasa, na ukigusa alama ya maelezo utaambiwa inachezwaje. Ukiona Direct Play, faili inatumwa ilivyo. Ukiona Transcode, inageuzwa, na sababu imeandikwa hapo hapo. Isome sababu hiyo kabla hujagusa kitu chochote, kwa maana inaondoa kubahatisha kote. Utakutana zaidi na hizi.

Sauti. Picha ni safi, lakini televisheni haitambui sauti ya DTS, aina mojawapo ya sauti za filamu. Samsung, kwa mfano, iliiondoa DTS kwenye televisheni zake za 2018. Kwenye DLNA utaona picha inakwenda na chumba kimya. Kwenye Jellyfin seva itageuza sauti ili isikike. Kugeuza sauti si kazi nzito, lakini unaweza kumaliza suala hili moja kwa moja kwa kubadilisha faili yenyewe na ffmpeg, programu ya kugeuza video inayoendeshwa kwa amri:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu-mpya.mkv
```

Amri hii inaiacha picha na manukuu bila kuguswa, inabadilisha sauti peke yake kuwa AC3, ambayo karibu kila televisheni inaijua. Kwa kuwa picha haiguswi, huishia dakika chache. Sikiliza faili mpya kabla hujafuta ya zamani.

Manukuu. Huyu ndiye mkosaji anayejificha. Manukuu ya SRT ni maandishi matupu, mepesi, na televisheni inayachora yenyewe. Manukuu ya PGS, yanayotoka kwenye Blu-ray, ni picha. Kifaa kisipoyaweza, seva inalazimika kuyachoma ndani ya video, maana yake inageuza picha nzima kwa ajili ya mstari mmoja wa maneno. Filamu ikikwama, zima manukuu uone. Ikitulia, umempata. Tafuta SRT yake uiweke kando ya filamu kwa jina lile lile, ukiongeza alama ya lugha: `Jina la Filamu (2015).sw.srt` kwa Kiswahili, `.en.srt` kwa Kiingereza. Unapohifadhi faili hiyo ya maandishi, chagua usimbaji wa UTF-8 ili herufi zisigeuke alama zisizosomeka.

Kodeki ya picha, yaani njia iliyotumika kubana video. H.264, ya 2003, inachezwa na karibu kila kitu. HEVC, ya 2013, inachezwa na televisheni nyingi za 4K lakini si na za zamani. AV1, ya 2018, bado inahitaji kifaa kipya. Na kuna H.264 ya biti 10, ambayo karibu hakuna chipu ya televisheni inayoicheza. Utaikuta sana kwenye katuni za Kijapani. Kwa faili kama hizi chache, zigeuze mapema kwa programu ya HandBrake kuwa H.264 ya kawaida, mpangilio wa ubora wa RF ukiwa 20, na uiache kompyuta ifanye kazi usiku. Kwa faili mamia, rudi kwenye kidude cha HDMI. Ni nafuu kuliko wiki nzima ya kugeuza, na ubora haupungui.

Kikomo cha kasi. Programu ya televisheni nayo ina mpangilio wa ubora. Ukiwa umewekwa megabiti 4, faili ya megabiti 8 itapunguzwa hata kama mtandao unaweza mara kumi ya hapo. Uweke kiwango cha juu kabisa. Inachekesha ni mara ngapi hili ndilo tatizo lote.

Kama kugeuza hakuepukiki, washa matumizi ya chipu ya michoro kwenye mipangilio ya uchezaji, uchague Quick Sync au ile inayolingana na kadi yako, kisha ucheze tena na uangalie kazi ya CPU, yaani chipu kuu ya kompyuta. Ikishuka sana, imeshika.

Televisheni haiioni seva kabisa

Angalia kwanza kama televisheni iko kwenye mtandao wa wageni wa ruta. Mtandao huo umetengenezwa makusudi kuzuia vifaa visionane. Kisha angalia kama una ruta mbili zilizofuatana, moja ya mtoa huduma na nyingine uliyonunua: seva ikiwa nyuma ya moja na televisheni nyuma ya nyingine, kila moja iko kwenye mtandao wake. Linganisha anwani. Seva ikiwa 192.168.1.20 na televisheni 192.168.0.15, umepata jibu. Iweke ruta ya pili ifanye kazi kama kituo cha Wi-Fi tu. Ruta nyingine zina mpangilio wa kutenganisha vifaa vya Wi-Fi, nao uzimwe. DLNA ndiyo huathirika zaidi, kwa sababu inategemea televisheni isikie tangazo la seva, wakati Jellyfin unaweza kuiandikia anwani moja kwa moja.

Mengine kabla hujaiacha ijiendeshe

Fungua akaunti tofauti kwa kila mtu nyumbani, na ya watoto uipe maktaba zao tu. Kila mmoja atakumbukwa alipoishia, na hakuna atakayefuta filamu kwa bahati mbaya, kwani ruhusa ya kufuta unampa unayemtaka.

Ukitaka kutazama ukiwa mbali na nyumbani, usifungue bandari 8096 (mlango ule ulio mwishoni mwa anwani ya Jellyfin) kwenye ruta ielekee intaneti. Tumia VPN, kama WireGuard au Tailscale, ili simu yako iingie kwenye mtandao wa nyumbani kwanza. Kumbuka kwamba hapo kasi inayohesabika ni ile ya kupakia ya nyumbani kwako, ambayo mara nyingi ni ndogo sana kuliko ya kupakua.

Na diski zinakufa. Filamu ulizonunua unaweza kuzinakili tena, lakini video za familia hazina nakala dukani. Nunua diski ya pili, nakili folda hiyo kila mwezi, kisha uichomoe uiweke mbali na seva. Diski ya nakala inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile itaungua siku ile ile umeme utakapopanda ghafla.